Nywele za Usoni: Njia za Kuziondoa Moja kwa Moja na Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Matangazo yanayoahidi kuondoa ndevu za wanawake "milele" yamekuwa jambo la kawaida katika saluni, maduka ya vipodozi na simu za mkononi. Baadhi yake yanahusu huduma za kitaalamu zenye ushahidi wa kisayansi. Mengine yanahusu mafuta na krimu ambazo haziwezi kufanya kazi hiyo, na ambazo nyakati nyingine huongeza tatizo lenyewe. Mkazi asiyejua tofauti kati ya makundi hayo mawili anaweza kupoteza fedha, kuharibu ngozi ya uso, au kuchelewa kugundua ugonjwa unaotibika.

Makala hii inaeleza chanzo cha nywele hizo, njia zinazokubalika kitaalamu kuwa za kudumu, njia zinazopunguza tu, na utaratibu ambao mkazi wa kata anaweza kuufuata kuanzia zahanati iliyo karibu naye.

Nywele hizo hutoka wapi?

Kila binadamu huzaliwa na vifuko vyote vya nywele atakavyokuwa navyo maisha yake yote. Kwa hiyo mwanamke anayeota ndevu hapati vifuko vipya kidevuni. Vifuko alivyozaliwa navyo, ambavyo awali vilitoa malaika laini zisizoonekana kwa urahisi, huanza kutoa nywele nene, ndefu na nyeusi. Mabadiliko hayo husababishwa zaidi na homoni za kundi la androjeni. Homoni hizo huitwa za kiume, lakini zimo pia katika mwili wa kila mwanamke kwa kiasi kidogo.

Hali hii haimpati mtu mmoja mmoja tu. Inakadiriwa kuwa kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 5 hadi 10 wana nywele nene katika sehemu ambazo kwa kawaida huota kwa wanaume, yaani juu ya mdomo, kidevuni, kifuani au tumboni. Wengine huanza kuziona baada ya kukoma hedhi, wakati uwiano wa homoni unapobadilika. Katika familia nyingine hali hiyo hurithiwa, na vipimo havioneshi ugonjwa wowote.

Hata hivyo, chanzo kinachoongoza kitabibu ni hali ya vifuko vingi vidogo katika ovari, ambayo madaktari huiita kwa kifupi PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hali hiyo huwapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wenye hali hiyo hawajawahi kugunduliwa. Dalili zake ni hedhi isiyo na mpangilio au inayokosekana kwa miezi, chunusi, kuongezeka uzito, ugumu wa kupata ujauzito, na nywele za usoni. Isipofuatiliwa, huongeza uwezekano wa kupata kisukari na saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Kwa maana hiyo, mwanamke anayekwenda moja kwa moja saluni kuondoa ndevu anaweza kuondoa dalili huku ugonjwa ukibaki.

Zipo pia dawa zinazoweza kuotesha nywele. Miongoni mwake ni fenitoini inayotumiwa na baadhi ya wagonjwa wa kifafa, minoksidili inayopakwa kuotesha nywele za kichwani, na dawa zenye testosteroni. Mgonjwa anayehisi kuwa dawa yake ndiyo chanzo hapaswi kuiacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Anatakiwa kurudi kwa mtaalamu aliyemwandikia. Mgonjwa wa kifafa akiacha dawa ghafla, anaweza kupata degedege la hatari.

Mkorogo na ndevu

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakihusishi na nywele, nacho ni krimu za kujichubua. Baadhi ya krimu hizo, hasa zile zinazochanganywa na kuuzwa bila lebo kwa jina la mkorogo, huwa na steroidi kali. Steroidi ikipakwa usoni kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, huonesha mishipa midogo ya damu, huleta chunusi, na huotesha nywele mashavuni na kidevuni.

Hapo ndipo mzunguko mbaya huanza. Mtumiaji huona uso umeota nywele na vipele, hununua krimu nyingine ya kuficha, na krimu hiyo ikiwa na steroidi ileile, hali huzidi. Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku. Anayevitumia na kuona nywele zikiongezeka anashauriwa kufika kituo cha afya akiwa na kopo la bidhaa hiyo. Matumizi ya muda mrefu huhitaji kusitishwa chini ya uangalizi wa mtaalamu, kwa kuwa ngozi iliyozoea steroidi huweza kuwaka na kuvimba inapokatishwa ghafla.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Katika hali nyingi nywele za usoni huongezeka polepole kwa miaka. Zikitokea ghafla na kuenea ndani ya wiki au miezi michache, jambo hilo linahitaji uchunguzi wa haraka. Ndivyo ilivyo pia zikiambatana na sauti kuwa nzito, upara wa mbele, misuli kukua, hedhi kukoma kabla ya umri wake, au uvimbe tumboni. Kwa nadra, dalili hizo hutokana na uvimbe katika ovari au katika tezi zilizo juu ya figo. Uso unaokuwa wa mviringo, alama pana za zambarau tumboni na shinikizo la damu kupanda navyo ni vya kuripotiwa mapema.

Hatua ya kwanza ni kituo cha afya

Utaratibu unaoshauriwa ni kuanzia zahanati au kituo cha afya cha kata. Mtoa huduma atauliza nywele zilianza lini, hedhi ikoje, ni dawa na vipodozi gani vinavyotumika, na kama mama au dada wana hali hiyo. Atapima shinikizo la damu, uzito na sukari, na kipimo cha ujauzito kitafanyika inapobidi. Akiona haja, atatoa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kipimo cha ultrasaundi na vipimo vya homoni.

Wanawake wengi huona haya kulitaja jambo hili mbele ya watu wengine katika foleni. Mgonjwa ana haki ya kuzungumza na mtoa huduma faraghani, na anaweza kuomba kuhudumiwa na mtumishi wa kike pale anapopatikana. Hahitaji kueleza shida yake kwa sauti dirishani. Inatosha kusema kuwa ana tatizo la ngozi.

Pia si lazima kila mwenye nywele usoni aziondoe. Ikiwa uchunguzi hauoneshi ugonjwa na mwenyewe hasumbuliwi nazo, hakuna sababu ya kitabibu ya kufanya lolote. Uamuzi ni wa mwenye uso, wala haufanywi na mume, ndugu au jirani.

Kwa nini "milele" ni neno zito

Nywele hukua kwa awamu tatu: ya kukua, ya kusinyaa na ya kupumzika kabla ya kudondoka. Kwa wakati wowote, sehemu tu ya nywele za uso zimo katika awamu ya kukua, na nyingine zimelala chini ya ngozi. Njia yoyote ya kudumu inapaswa kuharibu kifuko chenyewe, na vifuko vyote havipatikani katika hali moja kwa siku moja. Ndiyo maana hakuna huduma ya kweli inayomaliza kazi kwa kikao kimoja. Anayeahidi hivyo haelezi ukweli.

Jambo la pili ni kwamba kifuko kilichoharibiwa hakirudi, lakini jirani yake bado kipo. Homoni zikiendelea kuwa juu, malaika nyingine zitageuka kuwa nywele nene baada ya mwaka au miaka. Mteja atasema nywele zimerudi, kumbe hizo ni nyingine. Kwa sababu hiyo matibabu ya chanzo na uondoaji wa nywele huenda sambamba.

Ni vyema pia kusahihisha imani kwamba wembe hufanya ndevu kuwa nene. Jambo hilo lilichunguzwa kisayansi tangu mwaka 1928 na mtaalamu wa anatomia wa Marekani, Mildred Trotter, na ikaonekana kunyoa hakubadilishi unene wala kasi ya nywele. Wembe hukata unywele mahali ulipo mnene na kuacha ncha butu, ndiyo maana huhisiwa mgumu unapoota tena.

Sindano ya umeme

Njia ya zamani zaidi, na ambayo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huitambua kuwa ya uondoaji wa kudumu, ni elektrolisisi. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1875 na Charles Michel, daktari wa macho wa mjini St. Louis, aliyeitumia kuondoa kope zinazoota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Tatizo hilo linafahamika vyema katika mikoa ya kati ya Tanzania kutokana na ugonjwa wa trakoma.

Katika njia hii mtaalamu huingiza sindano nyembamba sana katika tundu la unywele mmoja, kisha hupitisha umeme mdogo unaoharibu mzizi. Umeme wa mkondo mmoja hutengeneza ndani ya tundu kemikali inayoyeyusha mzizi. Umeme wa masafa ya juu huunguza mzizi kwa joto. Aina ya tatu huchanganya yote mawili. Unywele ulioharibiwa vizuri hutoka kwa kibano bila kuvutwa kwa nguvu.

Faida yake kubwa ni kwamba haitegemei rangi ya ngozi wala rangi ya nywele. Inafaa kwa ngozi nyeusi, kwa watu wenye ualbino na kwa nywele zenye mvi. Upungufu wake ni muda. Unywele hushughulikiwa mmoja mmoja, kikao huweza kuchukua dakika 15 hadi saa moja, na kidevu kizima huhitaji vikao vingi kwa kipindi cha mwaka au zaidi. Kwa mwenye nywele chache kidevuni huwa njia nzuri. Kwa mwenye nywele shavu zima ni safari ndefu.

Hatari zake ni maumivu, wekundu wa muda, alama nyeusi na makovu iwapo anayefanya hana ujuzi. Mtu ambaye makovu yake huvimba na kuwa makubwa kuliko jeraha anatakiwa kulieleza hilo kabla ya kuanza, na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo hapaswi kufanyiwa. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya mteja na itupwe baada ya kutumika kwa mtu huyo mmoja. Sindano inayorudiwa kwa wateja huweza kusambaza homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Mwale wa leza

Leza hufanya kazi kwa kanuni tofauti. Mwale wa mwanga wa rangi moja hupenya ngozini na kunyonywa na melanini, yaani rangi nyeusi iliyomo katika unywele. Mwanga hugeuka joto na joto huharibu kifuko. Msingi wa kisayansi wa njia hii ulielezwa mwaka 1983 na madaktari wa Marekani Rox Anderson na John Parrish, na vifaa vya kuondolea nywele viliruhusiwa nchini humo kuanzia katikati ya miaka ya 1990.

Mamlaka ileile ya Marekani huiita leza njia ya kupunguza nywele kwa kudumu, wala haiiti njia ya kuziondoa zote. Maana yake ni kwamba idadi ya nywele zinazoota baada ya matibabu hubaki ndogo kwa muda mrefu, lakini baadhi huendelea kuota, mara nyingi zikiwa nyembamba zaidi. Kwa kawaida huhitajika vikao 6 hadi 8 au zaidi vyenye nafasi ya wiki 4 hadi 6 kwa uso, kisha kikao cha kurudia mara kwa mara.

Kwa wakazi wengi wa Tanzania, swali muhimu kuliko yote ni aina ya leza. Melanini imo pia katika ngozi nyeusi. Leza isiyofaa haitofautishi unywele na ngozi, bali huunguza vyote na kuacha malengelenge, madoa meusi au meupe, na makovu. Leza inayochukuliwa kuwa salama zaidi kwa ngozi nyeusi ni ya Nd:YAG, ambayo mwale wake una urefu wa wimbi wa nanomita 1064. Mwale huo hupenya kwa kina na hunyonywa kwa kiasi kidogo na ngozi ya juu. Leza ya aleksandraiti ya nanomita 755 inafaa zaidi ngozi nyeupe. Mteja ana haki ya kuuliza jina la mashine na urefu wa wimbi. Mtoa huduma asiyeweza kujibu swali hilo hapaswi kuruhusiwa kugusa uso.

Leza haifanyi kazi kwa nywele nyeupe, zenye mvi au za rangi ya dhahabu, kwa kuwa hazina rangi ya kutosha kunyonya mwanga. Haifai pia kwa malaika laini. Kwa baadhi ya watu, hasa wanawake wenye matatizo ya homoni, leza huweza kuchochea nywele kuongezeka pembezoni mwa sehemu iliyotibiwa. Hilo hutokea kwa wachache, lakini mteja anapaswa kuambiwa kabla.

Anayejiandaa kwa leza haruhusiwi kung'oa nywele kwa kibano, uzi au nta kwa wiki kadhaa kabla, kwa sababu unywele ukishang'olewa hakuna kinachobaki cha kunyonya mwanga. Kunyoa kwa wembe kunaruhusiwa. Jua kali liepukwe kabla na baada ya kikao. Mjamzito hushauriwa kusubiri hadi ajifungue. Mteja na mtoa huduma wote wavae miwani maalumu, na leza isitumike katika eneo la ndani ya mifupa ya jicho, ikiwa ni pamoja na sehemu ya chini ya nyusi.

Vifaa vingi vidogo vya mwanga vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani si leza. Hutoa mwanga wa mchanganyiko wa mawimbi, na maelekezo ya watengenezaji wengi hueleza kuwa havifai kwa ngozi nyeusi sana. Mnunuzi asome maelekezo hayo kabla ya kulipa.

Dawa zinazosaidia

Pale chanzo kinapokuwa homoni, daktari anaweza kuandika vidonge mchanganyiko vya uzazi wa mpango, ambavyo hupunguza androjeni. Vidonge hivyo havimfai kila mtu. Mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kupata damu kuganda katika mishipa, au mvutaji wa sigara mwenye umri wa miaka 35 na zaidi huhitaji njia nyingine. Dawa nyingine ni spironolaktoni, ambayo haitumiwi na mjamzito kwa kuwa inaweza kuathiri ukuaji wa mtoto wa kiume tumboni. Dawa hizi zote huhitaji angalau miezi 6 kabla ya matokeo kuonekana, na hazing'oi nywele zilizopo. Huzuia nyingine zisiote nene.

Ipo pia krimu ya eflonithini, ambayo hupunguza kasi ya nywele za usoni. Historia yake inaigusa Afrika, kwani dawa hiyohiyo kwa njia ya sindano imeokoa wagonjwa wengi wa malale wa aina inayopatikana Afrika ya Kati na Magharibi, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Krimu huanza kuonesha matokeo baada ya wiki 8 hivi, na ikiachwa nywele hurudi katika kasi yake ya awali kwa muda kama huo. Hivyo si dawa ya kudumu, ingawa huongeza mafanikio ya leza ikitumiwa pamoja nayo.

Njia za muda

Wembe, kibano, uzi, nta, sukari iliyochemshwa na limao, na krimu za kuyeyusha nywele ni njia za muda. Hakuna ubaya kuzitumia mradi ziwe safi. Wembe ukiwa mpya na wa mtu mmoja ndiyo njia nafuu na yenye madhara machache. Nta na uzi hung'oa hadi mzizini na hukaa wiki kadhaa, lakini kwa nywele za mkunjo huleta vipele na madoa meusi kwa urahisi. Krimu za kuyeyusha zina kemikali kali, hivyo zijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya mkono na zisizidishe muda ulioandikwa.

Mafuta yanayodaiwa kuzuia nywele zisiote tena hayana ushahidi wa kuharibu kifuko. Kutumia vitu vya kuunguza, kama vile tindikali au majivu, ni hatari iliyo wazi kwa uso.

Wanaume wenye vipele vya ndevu

Njia za kudumu haziwahusu wanawake pekee. Wanaume wengi wenye nywele za mkunjo husumbuliwa na vipele vya kidevuni na shingoni baada ya kunyoa. Ncha ya unywele uliokatwa hujikunja na kuingia ngozini, kisha ngozi huvimba. Tiba ya kwanza ni kuacha kunyoa kwa wiki kadhaa, kisha kunyoa kwa mashine bila kukata hadi usawa wa ngozi. Anayelazimika kuwa bila ndevu kwa sababu ya kazi yake anaweza kufikiria leza ya Nd:YAG, kwa kuwa nywele zikipungua vipele navyo hupungua. Katika vinyozi, kila mteja adai wembe mpya na mashine iliyotakaswa.

Funzo la mionzi

Teknolojia mpya huhitaji tahadhari hata inapofanya kazi. Mwaka 1896, muda mfupi baada ya eksirei kugunduliwa, daktari Leopold Freund wa Vienna aliitumia kuondoa nywele mgongoni mwa mtoto. Katika miaka ya 1920, saluni za Marekani ziliwapiga wanawake mionzi hiyo usoni ili kuondoa ndevu, bila maumivu yoyote. Nywele zilitoka kweli. Miaka baadaye wengi walipata makunyanzi, vidonda na saratani ya ngozi. Walichokosa ni mtu wa kuwaeleza madhara kabla, na chombo cha kusimamia waliotoa huduma.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mkazi anayeamua kutafuta huduma ya kudumu anashauriwa kuuliza mambo yafuatayo na kupata majibu yanayoeleweka:

1. Je, anayeendesha mashine amesomea wapi, na je, kuna daktari anayesimamia?
2. Mashine ni ya aina gani na urefu wake wa wimbi ni upi? Kama ni sindano, je, ni mpya kwa kila mteja?
3. Je, watafanya jaribio sehemu ndogo ya ngozi na kusubiri siku kadhaa kabla ya uso mzima?
4. Vikao vinakadiriwa kuwa vingapi, na bei ni ya kikao au ya huduma yote?
5. Ngozi ikiungua, nani atatibu na kwa gharama ya nani?
6. Je, stakabadhi itatolewa?

Swali la nne ndilo linalowaponza wengi. Kwa mfano, ikiwa kikao kimoja ni shilingi 60,000 na vinahitajika 8, gharama ni shilingi 480,000 kabla ya nauli na vikao vya kurudia. Anayeanza bila hesabu hiyo na kuishia kikao cha tatu hupata nafuu ndogo kwa fedha nyingi. Ni busara zaidi kusubiri na kutumia wembe safi kuliko kuanza na kukatisha. Mwanachama wa bima ya afya aulize mapema vipimo na dawa zipi zimo katika kitita chake. Uchunguzi wa ugonjwa na huduma ya urembo ni mambo mawili tofauti.

Mahali pa kupata msaada na kutoa taarifa

Kwa matatizo ya ngozi yanayohitaji bingwa, rufaa huanzia hospitali ya wilaya. Miongoni mwa taasisi zenye wataalamu wa ngozi nchini ni Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, na kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992. Mgonjwa aende na karatasi ya rufaa, orodha ya dawa anazotumia na tarehe za hedhi za miezi 3 iliyopita au zaidi. Kumbukumbu hizo hufupisha uchunguzi.

Usimamizi wa bidhaa umegawanyika. Tangu mwaka 2019, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wakati dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Katika ngazi ya kata, Afisa Afya hukagua usafi wa saluni na vinyozi, na Halmashauri hutoa leseni za biashara. Mkazi anayeona sindano au wembe ukirudiwa kwa wateja, krimu isiyo na lebo ikiuzwa, au aliyeunguzwa na huduma ya saluni, atoe taarifa kwa Afisa Afya wa Kata, kwa Mtendaji wa Kata, au kwa Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe ya Halmashauri. Ahifadhi kopo, stakabadhi na picha ya jeraha. Asisubiri kupona ndipo aende hospitali, kwa kuwa uso ulioungua hutibika vizuri zaidi katika saa na siku za mwanzo.

Wazazi na walimu nao wana nafasi yao. Msichana wa shule anayeota ndevu hukabiliwa na kejeli, na mara nyingi hujificha au hununua krimu kwa siri. Kumpeleka zahanati mapema humpatia uchunguzi wa homoni katika umri ambao matibabu huzaa matunda, na humkinga na mkorogo kabla haujamfikia.